Swali la lugha: Koroboi ina umbo, jiwe lina umbile

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kirumba, Mwanza, najifunza kupiga picha. Kazi tuliyopewa ni vitu vya kila siku. Nimepiga koroboi (kitaa cha utambi) kule mtaa wa Makoroboi, matenga na dagaa walioanikwa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kamba za mitumbwi, boya, na Jiwe la Bismarck. Tunatakiwa tuonyeshe mambo matatu: mchoro wa nje wa kitu, unene wake, na vile uso wake ungekuwa mkononi ukiupapasa. Chini ya picha nimeandika "umbo, umbile na teksicha". Mwenzangu anasema umbo na umbile ni kitu kimoja, na kwamba teksicha si Kiswahili, niandike "mguso". Nani yuko sahihi? Halafu, tunapiga picha au tunachukua picha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako la kwanza kakosea, na la pili kapatia nusu.

Umbo na umbile yametoka tumbo moja, kitenzi *umba*, lakini kila moja lilishika njia yake. Umbo ni jinsi kitu kinavyoonekana na kupimika: cha mviringo, cha mraba, kirefu, kimechongoka. Umbile ni jinsi kitu kilivyoumbwa, hali aliyozaliwa nayo mnyama au liliyo nayo jiwe kabla mtu hajaligusa. Kwa hiyo mtu husemwa ana umbile dogo, wala hakuna aliyewahi kusema meza ina umbile dogo. Koroboi yako ina umbo, umbile haina. Fundi kalichukua kopo, kalikata, kalikunja, kaliunga kwa lehemu, kaipachika bomba la utambi. Hapo hakikuumbwa kitu, kimeundwa. Jiwe la Bismarck lina vyote viwili. Umbo lake ni lile bonge lililosimama juu ya mengine kana kwamba litadondoka ziwani wakati wowote. Umbile lake ni la graniti, kama miamba yote mnayojengea nyumba juu yake huko Bugando na Isamilo, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, ambayo jua na mvua vimekuwa vikiibambua tabaka kwa tabaka mpaka pembe zikaisha.

Ila wingi wa neno hilo uutumie kwa adabu. Kwa mwandishi wa jiografia, maumbile ni milima na mabonde. Mtaani ni neno la heshima la sehemu za siri. Ukitundika Barabara ya Kenyatta bango la "Maonyesho ya picha za maumbile", watakaojaa mlangoni si wapenzi wa mawe.

Sasa kuna ugumu wako wa kweli, ambao mwenzako hakuugusa. Mwalimu wenu anatenganisha mchoro wa nje wa kitu na unene wake, nawe ulitumaini umbo libebe la kwanza, umbile libebe la pili. Haliwezi. Kiswahili huita yote mawili umbo. Lakini kabla hujalalamika kwamba lugha ni maskini, rudi kwenye daftari lako la hisabati la shule ya msingi. Huko kuna majina ya maumbo bapa: duara, mraba, mstatili, pembetatu, duaradufu. Kuna na majina ya maumbo yenye ujazo: tufe, mchemraba, mcheduara (kama kopo) na *pia* (kama faneli), jina lilelile la kile kichezeo wanachozungusha watoto kwa kamba. Tofauti anayoitaka mwalimu wako imo ndani ya majina yenyewe, haihitaji neno jingine la juu.

Chukua picha yako ya boya. Boya ni tufe, hilo halina ubishi. Lakini ukilipiga jua likiwa nyuma yake, linageuka jeusi ti, ukingo wake tu ndio unaosomeka, na kilichobaki kwenye picha ni duara. Sogea hatua chache pembeni, jua likugonge begani badala ya usoni. Upande mmoja wa boya unang'aa, mwingine unaingia gizani polepole, na tufe linarudi. Koroboi nayo ni vivyo hivyo: mwili wake ni mcheduara na kichwa chake ni pia, lakini ukiiweka mbele ya dirisha inakuwa mstatili uliobeba pembetatu. Kwa hiyo andika jina la kile kilichomo kwenye picha, usiandike kile unachokijua kuhusu kitu. Chini ya picha ya kwanza weka "Duara: boya, Kirumba", chini ya ya pili "Tufe: boya lilelile". Mtazamaji ataona umefanya nini kuliko ukimwandikia "umbo" mara mbili.

Wakubwa wa sanaa hii waliishi na suala hilohilo, ingawa kwa lugha nyingine. Mmarekani Edward Weston, mwaka 1930, alitia pilipili hoho ndani ya faneli ya bati akaipiga picha ambayo mpaka leo inafundishwa. Faneli, ambayo kwa hisabati yetu ni pia tupu, ilimrudishia mwanga pande zote, na mikunjo ya hoho ikatokeza hivi kwamba watu wengi huona mgongo wa binadamu. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1928, André Kertész alikuwa Paris, akapiga uma ulioegemea ukingo wa sahani, pamoja na kivuli chake mezani. Basi hakuna kingine. Kwa Kiswahili, picha ya Weston ningeiita ya umbile, kwa sababu hoho haikuchongwa na mtu, na ya Kertész ningeiita ya umbo, kwa sababu uma umefuliwa. Na kwa kuwa nimetaja kivuli: giza la umbo la kitu linaloangukia chini ni kivuli, mahali penye baridi unapokimbilia jua likichoma ni uvuli. Siku hizi watu wengi huchanganya, wewe usichanganye, kwa sababu kivuli ndiyo kazi yako.

Tuje kwenye teksicha.

Kuliandika si dhambi. Tumeandika kamera, lenzi na fremu, na hakuna aliyeugua. Kasoro yake ni kwamba halimwambii mama anayeuza dagaa mwaloni chochote, na yeye ndiye mwenye dagaa. "Mguso" nalo lina shida kubwa zaidi, maana limeshachukuliwa. Wimbo wenye mguso ni ule unaoingia moyoni. Ukiandika "picha yenye mguso", msomaji atatafuta mtoto anayelia, hatatafuta jiwe linalokwaruza. "Mkwaruzo" pia si lako, hilo ni la gari lililoparuzana na jingine, na chini ya picha yako litasomeka kama kasoro ya lenzi. Ulaini na ugumu ni maneno mazuri lakini yanasimama kwenye ncha mbili, na vitu vyako vingi viko katikati. Ukitaka istilahi moja iliyosanifiwa, Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ndiyo kazi yake tangu 1967, waandikie. Mimi nakushauri uache kutafuta nomino.

Kiswahili hueleza uso wa kitu kwa tendo. Kinataja kile mkono ungefanya au kufanyiwa: jiwe linakwaruza, bondo la sangara, kile kibofu chake cha hewa, linateleza, wavu wenye utomvu wa samaki unanata, ukili wa kusukia mkeka unaparuza. Au kinataja yaliyoupata uso huo, na hapo ndipo utajiri ulipo. Angalia mtumbwi mmoja tu uliovutwa mchangani. Ubao usiopakwa rangi kwa muda *umepauka*. Pale ulipopakwa, rangi *inabanduka*, kwa sababu ilikuwa imeshikamana na sasa inaachia. Ukingo unaosuguliwa na kamba kila siku *umechubuka*. Kama kuna mahali moto wa kuyeyushia lami uliugusa, hapo *pamebabuka*. Samaki wa kayabo pembeni yake *amekakamaa* kwa chumvi na jua, na jani la gugu maji lililotupwa ufukweni *limesinyaa*. Vitenzi vyote hivyo vinasema habari za uso, na hakuna hata kimoja unachoweza kukiweka mahali pa kingine bila mvuvi kukusahihisha. Nomino yako moja ya "teksicha" ingevifunika vyote kwa turubai.

Njia ya pili ni kurudufu neno. Kamba yenye fundo ina fundo moja, pengine alilolipiga mtu makusudi. Kamba yenye mafundomafundo ni ile ambayo ukiivuta kiganja kinazihisi bonge zake mwanzo hadi mwisho. Doa kwenye shati ni bahati mbaya, lakini madoadoa ni mpangilio uliosambaa. Ndivyo ilivyo kwa chembechembe za graniti, nyuzinyuzi za katani, mistarimistari ya mchanga uliopigwa na upepo. Neno likirudiwa, jicho linaambiwa kwamba jambo hili halikutokea mahali pamoja, limeenea. Sijui unataka nini zaidi ya hapo katika maelezo ya picha.

Ya tatu ni viigizi, vile vidude vya mwisho ambavyo walimu wengine huwakataza wanafunzi kwa kudhani ni vya kitoto: dagaa wamekauka kau, mchanga umelowa chepechepe, chumvi nyeupe pe. Mimi sikatazi. "Dagaa wamekauka kau" ni maneno matatu, na mtu aliyewahi kuwashika anasikia hadi mlio wao. Angalia na upatanisho hapo: *wamekauka*, kwa kuwa dagaa hata akiwa kwenye tenga bado ni samaki, na samaki ni wa kundi la viumbe.

Kwenye vivumishi nimeona mahali pa kukurekebisha kabla hujakosea. *Laini* halibadiliki: jiwe laini, kitambaa laini, kamba laini. Lakini *-ororo* linabadilika, na hili karibu kila mtu hulikosea siku hizi. Ni ngozi nyororo, ila kitambaa ni chororo na jani ni jororo. "Kitambaa nyororo" ni kumvika mtu shati la jirani. Vilevile jiwe ni gumu, kamba ni ngumu. "Jiwe ngumu" ni la stendi, si la ukutani kwenye maonyesho.

Utaniuliza, haya yote ya lugha yananisaidia nini nikiwa na kamera? Yanakusaidia kujua kama picha imefaulu. Ukishindwa kupata kitenzi cha kuandika chini yake, mara nyingi ni kwa sababu uso wa kitu haukutokea, na haukutokea kwa sababu ya mwanga. Jua la utosi hushuka wima, likaingia kila kishimo cha jiwe, likafuta kivuli kidogo ambacho ndicho kingelionyesha kwamba jiwe linakwaruza. Unachotaka ni mwanga wa mshazari, ule unaouparaza uso kutoka ubavuni, kila chembe ikatupa kivuli chake upande wa pili. Kwenu Mwanza kuna jambo la kukumbuka: jua halifiki juu kabisa saa 6 mchana. Saa za Tanzania zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nanyi mko karibu na nyuzi 33, basi mnachelewa kama dakika 48, na jua linakuwa utosini karibu na saa 7. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba linapita juu ya kichwa kabisa, na siku hizo mchana hata mlingoti wa mtumbwi hauna kivuli cha maana. Asubuhi jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1, kwa hiyo mpaka kama saa 3 bado una mshazari wa kutosha, na ndio wakati dagaa wanapotandazwa. Kwa duara na pembetatu zako mwanga wowote wa nyuma unafaa. Kwa tufe na pia unataka wa ubavuni. Kwa kinachokwaruza unautaka wa ubavuni na wa chini zaidi, karibu usawa wa kitu chenyewe.

La kupiga na kuchukua ni fupi. Kwetu Tanzania picha hupigwa. Anayekwenda kuchukua picha anakwenda studio na risiti mkononi, kudai ile aliyopigwa juzi. Kenya utasikia "kuchukua picha" kwa maana ya kupiga, nao wana lugha yao, usiwacheke. Ukitaka kuitofautisha kazi yako na ya video, sema picha mnato, neno zuri lililotokana na *nata*, kwa sababu tukio limenaswa na halisogei. Kuna wanaoandika "picha za mnato", nayo si kosa. Na jina lako chini ya kazi liandike "Picha na" likifuatiwa na jina, bila nukta mbili. Usiandike "Picha kwa", kwa sababu hiyo inamaanisha umempelekea mtu. Wewe ni mpigapicha, neno moja, na darasa lenu lote ni wapigapicha.