Vipimo havioni vijidudu, maumivu ya tezi dume yanatoka wapi?

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni fundi cherehani wa Ng'ambo, Tabora, mwenye umri wa miaka 41. Tangu mwaka jana nasikia maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, na yanazidi ninapokaa muda mrefu kwenye cherehani au baada ya tendo la ndoa. Nimeambiwa nina UTI sugu, nikamaliza dozi tatu za antibayotiki. Mkojo umeoteshwa mara mbili bila bakteria kuonekana, ila majimaji ya tezi dume yalikutwa na chembe nyingi za usaha. Kama mdudu hayupo, chembe hizo zinapigana na nani?

JIBU: Ndugu fundi, swali lako la mwisho ndilo ambalo watafiti wa ugonjwa huu wamehangaika nalo kwa miaka mingi. Katika mgawanyo unaotumika hospitalini, uliotokana na kikao cha Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 1995, mchochota wa tezi dume, yaani tezi kuvimba na kujaa chembe za kinga, una makundi manne, na takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wenye dalili huangukia kundi la tatu, ambalo maumivu hudumu kwa miezi mitatu au zaidi ilhali bakteria haonekani. Maelezo yako yanaelekea huko. Jina la UTI sugu, ambalo siku hizi hubandikwa karibu kila maumivu ya chini ya kitovu, halikusaidii.

Shuleni tulifundishwa kwamba chembe nyeupe za damu, ndizo hizo chembe zako za usaha, ni askari, na ndiyo maana unauliza adui yuko wapi; lakini chembe hizo pia hutoa kemikali zinazozifikia neva, na hapo ndipo maumivu yako yanapoelezeka. Panya waliochanjwa kwa protini za tezi dume hupata mchochota na dalili za maumivu ya nyonga bila kuambukizwa chochote, kwa sababu chembe T, aina ya chembe nyeupe zilizopaswa kutambua vitu vigeni, huigeukia tezi na kumwaga kemikali kama intaleukini-17 na intaferoni gama, ambazo huita chembe nyingine. Kwa baadhi ya wanaume wenye tatizo kama lako zimepatikana chembe T zinazoitikia protini za tezi yao wenyewe.

Wanaonivutia zaidi, hata hivyo, ni seli za masti, aina nyingine ya chembe za kinga, zile zile zinazosumbua watu wenye pumu na mzio. Hukaa kando ya mishipa midogo ya damu na ncha za neva, na zikishtuka humwaga histamini, kimeng'enya kiitwacho triptasi, na protini inayokuza neva. Triptasi huichokoza neva moja kwa moja. Protini ile huifanya iwe nyepesi kuhisi, hata mguso au mkao usiopaswa kuuma ukauma. Vitu hivi viwili vimepimwa katika majimaji ya tezi ya wagonjwa wa kundi lako na kukutwa vimepanda, na panya wasio na seli za masti walionyesha maumivu machache kuliko wenzao. Wewe wa Tabora, penye mizinga ya nyuki, utanielewa haraka: nyuki mmoja akichoma huacha harufu inayowaita wengine, na mzinga huendelea kucharuka hata mtu aliyeuchokoza akiwa ameshafika nyumbani.

Hivyo basi, usiihesabu afya yako kwa wingi wa chembe za usaha. Wanaume wasio na maumivu yoyote walipopimwa, wengi wao pia walikutwa nazo, na wingi wake kwa wagonjwa haukulingana na ukali wa maumivu.

Kabla ya kukubali kwamba hakuna mdudu, hakikisha umepimwa kisonono, klamidia na kichocho, hasa kama umewahi kuoga kwenye mabwawa au kufanya kazi kwenye majaruba ya mpunga. Mayai ya kichocho cha mkojo huweza kukwama hata ndani ya tezi dume, na hapo chembe zako zitakuwa na sababu halisi ya kukusanyika. Vipimo hivyo vikiwa safi, sioni faida ya dozi ya nne. Zungumza na daktari kuhusu tamsulosini, dawa inayolegeza misuli ya njia ya mkojo, hasa kama mkojo unatoka kwa shida, dawa ya kutuliza mchochota kwa muda mfupi, na mazoezi ya kulegeza, narudia kulegeza, misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo hujikaza kwa maumivu na kuyaongeza. Inuka kwenye cherehani mara kwa mara. Dawa za mzio zinazolenga seli za masti bado si tiba ya kawaida ya ugonjwa huu, kwa hiyo usizinunue dukani kwa kusoma jibu hili. Ukipata homa na kutetemeka, au mkojo ukifunga, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Mume wangu, miaka 56, hana maumivu yoyote. PSA yake, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa 7, akachukuliwa kinyama (kipande kidogo) cha tezi hiyo kikapimwa, majibu yakasema hakuna saratani ila kuna chembe za mchochota. Je, atibiwe? Mama wa Ujiji, Kigoma.

JIBU: Mama, huyo yuko katika kundi la nne: chembe zipo, neva zimetulia. Mchochota wa aina hiyo kwa kawaida hautibiwi kwa ajili yake wenyewe, ingawa unaweza kupandisha PSA bila saratani kuwepo. Lakini kinyama kimoja kisichoonyesha saratani hakifungi faili. Arudie kipimo kwa tarehe atakayopangiwa na daktari wake, na aende na majibu yote ya zamani mkononi, kwa kuwa mwenendo wa namba hizo humweleza daktari mengi kuliko namba moja.