Nikon D3500 au Canon 2000D, na lenzi ya mjomba je?

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo Morogoro, nataka kuanza biashara ya picha, mahafali, sendofu na paspoti saizi. Hela yangu inatosha kamera moja tu ya kuanzia, na nimezikuta mbili, Nikon D3500 na Canon EOS 2000D, zote zina lenzi ya 18-55. Muuzaji anakomalia Canon kwa sababu ina waifai. Ila mjomba kanipa lenzi yake ya zamani ya Nikon, 50mm f/1.8D, nikasema basi Nikon ndo yangu. Nipo sahihi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Chukua Nikon, hapo hujakosea, ila sababu uliyoitaja ndo siyo, na usipoijua mapema itakuumbua ukumbini.

Hiyo lenzi ya mjomba, 50mm f/1.8D, ni ya zamani na haina mota ya fokasi ndani, yenyewe ni kama trela, inasubiri kichwa kiivute, na kichwa ni mota iliyopo kwenye bodi ya kamera. Sasa D3500 haina hiyo mota kabisa. Lenzi itaingia vizuri, kamera itapima mwanga, picha itatoka, lakini fokasi utazungusha mwenyewe kwa mkono huku unachungulia kidoti cha kijani kwenye kioo kikuambie tayari. Kwa mteja aliyekaa kwenye stuli ya paspoti sawa, utaweza. Kwa bibi harusi anayeingia anacheza na wapambe wake, sahau. Mimi nilishajitia ujanja wa fokasi ya mkono kwenye kuvishana pete, nikarudi na picha kali sana ya tai ya bwana harusi, pete yenyewe ukungu mtupu. Na ukiifunga hiyo lenzi ile ringi yake ya namba izungushe mpaka 22 uiloki hapo, la sivyo kamera itakuandikia fEE na itagoma kupiga, utadhani umeuziwa mbovu.

Kwa hiyo ukitaka lenzi inayojifokasi yenyewe kwenye D3500 tafuta iliyoandikwa AF-S au AF-P. Hiyo 18-55 inayokuja nayo ni AF-P, haina shida. Ukijichanga baadaye nunua AF-S DX 35mm f/1.8G, maana kwenye hizi kamera za sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachonasa picha, siyo sensa ya kuhesabiwa watu) 35 inaona kama 50 hivi, ndo inafaa chumba kidogo. Canon wao hapa wamewazidi Nikon, lenzi zao zote za EF na EF-S zinajifokasi kwenye 2000D hata zile za zamani, na 50mm f/1.8 STM yao ni bei poa. Ila kwenye 2000D hiyo 50 inavuta kama 80, utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta.

Sasa kwa nini bado nasema Nikon? Chaji kwanza. Kwa vipimo vya kiwandani D3500 inafika picha 1,550 kwa chaji moja, 2000D ni 500. Siku ya mahafali unatoka asubuhi unarudi usiku, na umeme wetu unaujua. Halafu picha za juani, shela jeupe pembeni ya ngozi nyeusi, ukipiga RAW (faili ghafi la kwenda kurekebisha kwenye kompyuta) faili la Nikon linakuruhusu kuinua uso uliozama gizani bila chengachenga nyingi, la Canon hii linachoka mapema. Megapikseli usihangaike nazo, zote ni 24 na ushee. Kasi ni picha 5 kwa sekunde dhidi ya 3.

Kingine ambacho muuzaji hatakwambia ni flashi. Angalia pale juu inapochomekwa flashi, 2000D nyingi zimetoka bila ile pini ya katikati, maana yake zile flashi za bei rahisi za pini moja ambazo wengi tunaanza nazo haziwaki ukizichomeka hapo. Na kazi za ukumbini usiku bila flashi ni mateso.

Waifai ya Canon ni kweli inasaidia, Nikon ina bluutuuthi tu, inatuma picha ndogo za megapikseli 2 na inakokota. Kwa kumrushia mteja wasap inatosha, kubwa mtumie kwa kadirida. Video sijaigusa kwa sababu zote mbili hazina tundu la maiki, ukitaka kurekodi hotuba za wazee hapo hakuna kamera.

Ila kama una ndugu au rafiki hapo Moro mwenye lenzi na flashi za Canon ambaye atakuazima kweli, siyo wa maneno, geuza, chukua Canon, na hapo hakikisha 18-55 yake imeandikwa IS kwa sababu kuna nyingine haina kizuia mtikisiko na kwa macho zinafanana.

Ukikuta D3500 ni yuzdi piga picha moja ya JPEG uisome kwenye kompyuta kwa programu ya kuangalia taarifa za picha, Nikon inaandika humo shata (kile kipazia kinachofunguka kila ukipiga picha) imeshapiga mara ngapi, usikubali kuambiwa "imetumika kidogo tu bosi".