Mpiga dramu akishika brashi, ndiyo kaacha dramu?

SWALI: Salamu mhariri. Mimi napiga dramu kwenye bendi ya rock hapa Nairobi, mwaka wa saba huu. Mwaka jana kifundo cha mkono wa kushoto kikaanza kuniuma vibaya, daktari akaniambia nipumzike miezi kadhaa, sasa kukaa nyumbani bila kazi nikaanza kuchezea rangi za binti yangu na aisee nimenogewa, usiku nachora mpaka saa nane. Nimefikiria hadi kuuza dramu zangu. Wenzangu kwenye bendi wamenuna, wanasema nimekata tamaa. Nasikia yule mpiga dramu mwenye mkono mmoja wa Def Leppard, bendi ya rock ya Uingereza, naye siku hizi ni mchoraji, ni kweli? Dramu aliacha?
Mpiga Dramu, Nairobi

JIBU: Pole sana na mkono, mdogo wangu. Ni kweli anachora, na dramu hajaacha, na hilo la pili ndilo nataka ulishike.

Rick Allen ni mtu wa Dronfield, karibu na Sheffield kule Uingereza, aliingia Def Leppard mwaka 1978 akiwa na miaka 15 tu. Tarehe 31 Desemba 1984 akapata ajali ya gari nje ya Sheffield, mkono wa kushoto ukang'oka. Madaktari waliurudishia, ukaingia maambukizi, ikabidi uondolewe kabisa. Miaka 21, na kazi yake ni kupiga dramu.

Sasa ile sehemu inayonigusa kila nikiikumbuka ni ya hospitalini. Walimwekea kipande cha sponji mwisho wa kitanda ili asiwe anateleza kwenda chini, basi yeye amelala pale hana la kufanya akaanza kuipigapiga kwa miguu, taratibu, kama mtu anayesikiliza wimbo kichwani, akagundua kumbe mapigo ya mkono wa kushoto mguu wa kushoto unaweza kuyapiga. Hapo ndipo dramu zilirudi, juu ya sponji. Baadaye akatengenezewa dramu za umeme zenye pedali za ziada, na snea, ile ngoma ya mlio mkali ambayo wewe unajua vizuri kwa kawaida ni kazi ya mkono wa kushoto, ikahamia mguuni. Alijifunza upya kama mtoto anayejifunza kutembea, na wenzake hawakutafuta mtu mwingine, walimsubiri. Mwaka 1986 kabla ya tamasha kubwa la Donington walipiga shoo ndogondogo Ireland wakiwa na mpiga dramu wa pili wa kumsaidia, Jeff Rich wa bendi ya Status Quo, na siku moja Jeff akachelewa, Rick akaanza peke yake na mambo yakaenda. Agosti mwaka huohuo akapanda Donington peke yake. Mwaka uliofuata ikatoka Hysteria, albamu iliyouza nakala zaidi ya milioni 20.

Kwa hiyo picha hazikuja kuziba pengo la dramu. Kuchora alianza tangu utotoni, ila kuonyesha kazi zake kwenye magalari ya Marekani kumekuja miaka mingi baada ya ajali, yeye tayari ni mpiga dramu mzima tena. Anachora nyuso za wanamuziki waliotangulia, kina Jimi Hendrix, na Steve Clark, mpiga gitaa wa bendi yao aliyefariki mwaka 1991. Huyo wa mwisho fikiria mwenyewe, ni mtu mliyesafiri naye kwenye basi moja miaka kumi na zaidi halafu unachanganya rangi ya shavu lake. Mwaka 2001 yeye na mkewe walianzisha taasisi, Raven Drum Foundation, inayotumia ngoma kusaidia watu waliopitia majanga wakiwemo askari waliotoka vitani.

Kama unamtaka aliyehama dramu kweli, yupo Jon Langford wa bendi ya The Mekons. Walianza Leeds, Uingereza, mwaka 1977 wakiwa wanafunzi, yeye ndiye kwenye dramu, baadaye akahamia gitaa na kuimba, akaenda kuishi Chicago na huko anachora waimbaji wa kantri wa zamani, picha zimekwaruzwakwaruzwa kama bango lililonyeshewa mvua miaka yote. Naye muziki hajauacha mpaka leo.

Na wewe usiuze dramu, angalau si mwaka huu. Zifunike shuka uziweke kona. Halafu kuna kitu kimoja nina wasiwasi nacho: huo mkono uliokatazwa kupiga, kama ndio unaoshika brashi mpaka saa nane za usiku basi haujapumzika hata kidogo, umebadilishiwa kazi tu. Ukichora umeinama mezani kinachozunguka ni kifundo kilekile. Bandika karatasi kubwa ukutani, simama, chora kwa bega, na mpini wa brashi uviringishie kitambaa uwe mnene usilazimike kuubana. Na daktari mwambie unachora, usimfiche.

Kingine cha kujaribu mkono ukipona: kuna wapiga dramu, Bill Ward wa bendi ya Black Sabbath akiwemo, waliopiga gizani na vijiti vyenye taa huku lenzi ya kamera imeachwa wazi kwa muda ili ishike mwanga wote, ile mistari ya mwanga ikachapwa kwenye turubai. Simu nyingi siku hizi zina hiyo setingi. Utaona mapigo yako yana umbo gani, na wewe una rangi za kuendeleza hapo.

Wenzako nao waelewe, wameogopa tu, bendi bila dramu ni watu wamesimama na magitaa. Wape tarehe aliyokupa daktari, na mkikutana nenda na picha moja uliyoichora uwaonyeshe. Nitumie na mimi.