Kuendesha faili nyingi za Quantum ESPRESSO bila kuzisimamia moja moja

Ndugu, umeeleza kwamba una faili zipatazo mia mbili za pw.x, programu ya Quantum ESPRESSO ya kukokotoa nishati ya elektroni katika maada, kila moja ikiwa na thamani yake ya ecutwfc (kikomo cha nishati cha mawimbi ya elektroni) na celldm(1) (ukubwa wa seli ya fuwele), na kwamba unaziendesha kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kuzianzisha zote kunahitaji kitanzi kifupi tu cha bash, yaani amri zinazojirudia kwenye terminali ya Linux. Kazi yenyewe, kwa uzoefu wangu, ni kuhakikisha kwamba hesabu moja haiharibu nyingine, na kwamba asubuhi unajua ipi imekamilika.

Anza na prefix (jina la hesabu) na outdir (folda inamowekwa data yake). Usipoiandika prefix, kila hesabu itaitwa pwscf, na hesabu mbili zinazokwenda sambamba katika outdir moja zitafutiana data, wakati mwingine bila programu kulalamika hata kidogo. Kwa hiyo skripti yangu hutengeneza folda mpya kwa kila hesabu, hunakili kiolezo cha faili ya pembejeo ndani yake, kisha sed, programu ya kubadilisha maandishi, hubadilisha alama kama @ECUT@ kuwa namba inayohusika. Majina ya folda huyapa tarakimu zenye urefu sawa, kwa mfano ecut_030 na ecut_100, la sivyo ls itaiweka 100 mbele ya 30. Ikiwa kiolezo kiliandikwa kwenye Windows, kipitishe kwanza kwenye dos2unix, inayobadilisha miisho ya mistari iwe ya Linux.

Kabla ya kuanzisha hesabu yoyote, skripti hukagua kama faili ya matokeo tayari ina maneno JOB DONE. Ikiwa nayo, huiruka. Umeme ukikatika usiku wa manane, nasi tunaotumia kompyuta za mezani tunalijua hilo vizuri, asubuhi unarudia amri ileile na zilizokamilika haziguswi. Orodha ya zilizokwama utaipata kwa grep -L "JOB DONE" */*.out, ingawa amri hiyo haitazitaja zile ambazo hazijaanza kabisa, kwa kuwa faili zake za matokeo bado hazipo.

Hata hivyo, usiyategemee maneno hayo peke yake. Programu inaweza kufika mwisho na kuyaandika hata pale mzunguko wa SCF (unaoikaribia nishati hatua kwa hatua) uliposhindwa kutulia ndani ya hatua 100, ambazo ndizo kikomo chake usipoweka electron_maxstep. Kwa hesabu za scf, mimi hutazama mstari wa nishati unaoanza na alama ya mshangao, kwa sababu alama hiyo huwekwa tu nishati ikishatulia. Amri grep '^!' */*.out inakupa jedwali la nishati papo hapo, na folda isiyoonekana humo ndiyo ya kufungua kwa macho yako.

Usizianzishe zote kwa pamoja. GNU parallel yenye -j 4 huendesha nne kwa wakati mmoja; weka OMP_NUM_THREADS=1, yaani uzi mmoja kwa kila mchakato, ili zisigombanie kori za prosesa, na kabla ya kuongeza idadi, soma mstari wa "Estimated max dynamic RAM per process" katika matokeo ya hesabu kubwa kuliko zote, kwani kompyuta ikiishiwa kumbukumbu mfumo utaziua baadhi. Ukipata nafasi kwenye klasta (kundi la kompyuta zilizounganishwa) yenye Slurm, mfumo wa kupanga foleni ya kazi, achana na parallel: --array=1-200%10 itazipanga zote kwenye foleni na kuruhusu kumi tu ziende kwa pamoja.