Ripoti Ikisema "Hakuna Kilichoonekana" Kwenye Saratani ya Njia za Nyongo, Uliza Walitazama Wapi

Msomaji ameuliza: ripoti ya vipimo vya jeni vya mgonjwa wake imeandikwa "hakuna badiliko lenye tiba". Je, mlango umefungwa? Bado. Kwanza ajue walipima nini, na kwa njia gani.

Kabla ya hapo, tutenganishe mambo mawili ambayo hata wataalamu huyachanganya. Kuna kiashiria cha mwenendo wa ugonjwa, na kuna kiashiria cha dawa. Jeni ya KRAS iliyobadilika au ya TP53 iliyoharibika kwa kawaida huashiria ugonjwa mkali. Ila ukali peke yake haukupi tiba. EGFR, kipokezi cha ishara za ukuaji, huonekana kwa wingi kwenye uvimbe wa aina hii, lakini cetuximab, dawa inayokiziba, ilipoongezwa kwenye kemotherapi haikurefusha maisha. Muungano wa FGFR2, yaani jeni hiyo kukatika na kushikana na jeni nyingine, kinyume chake, mara nyingi huendana na ugonjwa unaotembea taratibu kidogo, na huo ndio wenye vidonge.

Muungano huo hupatikana kwa wagonjwa 10 hadi 15 hivi katika kila 100 wenye saratani ya njia za nyongo zilizo ndani ya ini. Nje ya ini ni nadra. Huko HER2, jeni ya kipokezi kingine cha ukuaji, ndiyo ya kutafutwa kwa bidii zaidi.

FGFR2 ni kipokezi kilichokaa kwenye utando wa seli. Kikiwa kizima, husubiri protini ya ukuaji ije, vipokezi viwili vikutane, ndipo ishara ya kukua ishuke ndani ya seli kupitia protini za RAS na MAPK. Jeni ikikatika na kuungana na nyingine, kama BICC1, mkia mpya huvibana vipokezi pamoja na ishara haizimiki. Mkato wenyewe huangukia zaidi kwenye introni ya 17, kipande cha jeni kisichobeba maelekezo ya protini. Sasa, kipimo cha DNA kinachosoma eksoni tu, yaani vipande vyenye maelekezo hayo, kitaukosa, na ripoti itatoka safi kabisa. Kipimo cha RNA, nakala ambayo seli huitoa kwenye jeni, husoma ujumbe uliokwisha kuunganishwa, kwa hiyo huunasa. Kipimo cha damu nacho hunasa vizuri mabadiliko madogo ya jeni kama BRAF V600E au IDH1 R132C, lakini miungano hukiponyoka kwa urahisi zaidi.

Halafu sampuli. Saratani hii imejaa nyuzinyuzi, seli zake ni chache, na brashi ya ndani ya mrija huleta chache zaidi. Vipimo vingi vinataka seli za saratani zifike angalau asilimia 20. Biopsi, yaani kinyama kilichokatwa kwa ajili ya kupimwa, ikikaa kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi) kupita kiasi, RNA huharibika. Mwambieni mwanapatholojia mapema atenge vipande vya jeni kabla kinyama hakijaisha kwenye kutia rangi. Na ombi la kipimo liende siku ugonjwa unapothibitishwa. Kusubiri kemotherapi ishindwe ni kupoteza wiki ambazo mgonjwa hana.

Muungano ukipatikana, kuna vidonge viwili vinavyoziba FGFR2. Pemigatinib hutolewa miligramu 13.5 kwa siku, siku 14 mfululizo, kisha mapumziko ya siku 7. Futibatinib ni miligramu 20 kila siku bila mapumziko. Kero kubwa ni fosfeti, madini ya damuni, kupanda. Mifupa hutoa homoni ya FGF23 kuiambia figo imwage fosfeti, na dawa huziba hata njia hiyo. Kwa pemigatinib, ikipita miligramu 5.5 kwa desilita, punguza vyakula vyenye fosfeti. Ikipita 7, daktari huongeza dawa ya kuifunga. Dawa hiyo humezwa pamoja na chakula, maana tumbo likiwa tupu hakuna cha kufunga. Hapa wengi huteleza: wiki ya mapumziko ikifika, fosfeti hushuka yenyewe, na mgonjwa anayeendelea kuifunga hujikuta amepungukiwa fosfeti. Muulizeni daktari kama dawa ya kuifunga isitishwe wiki hiyo.

Macho yapigwe picha ya retina kabla ya kuanza, kisha kila miezi 2 kwa nusu mwaka wa kwanza, baadaye kila miezi 3. Ukungu au vimulimuli machoni si vya kusubiri kliniki ijayo.

Uvimbe ukianza kukua tena, msiondoke FGFR2 haraka. Mara nyingi kipokezi kimebadilika pale dawa inaposhika, hasa nafasi za N550 na V565. Safari hii damu ina faida, kwa sababu hukusanya mabadiliko kutoka vivimbe vingi kwa pamoja. Futibatinib, inayojifunga kabisa kwenye kipokezi, huweza kushika baadhi ya yale yaliyoishinda pemigatinib.