Mahafali ya kidato cha nne shule ya kata: utani uwekwe wapi ili mgeni rasmi asinune

Kwa wanaofika sasa hivi: mwenye swali ni mwenyekiti wa kamati ya wahitimu. Shule ya kata, wahitimu 84, mahafali Jumamosi ya mwanzo wa Oktoba. Wanataka tuzo za utani, igizo la kuwaigiza walimu, na kusaini mashati. Mkuu wa shule kakubali shingo upande, anaogopa aibu mbele ya mgeni rasmi.

Dogo, hofu ya mkuu wako ina msingi, lakini hamna haja ya kufuta utani. Uhamisheni tu kwenye ratiba.

Ratiba zote huandika mgeni rasmi atawasili saa 4:00 asubuhi. Akiwa diwani, mtegemee saa 5. Akiwa mbunge au mkuu wa wilaya, hesabu saa 7 mchana, kwa sababu Jumamosi za msimu huu ana mahafali mawili matatu njia hiyo hiyo. Wazazi wameshakaa chini ya turubai tangu saa 3, MC anarudia nyimbo zile zile, watoto wadogo wanalia. Hayo masaa mawili hayana mwenyewe. Tuzo za utani na wosia wa darasa, yaani karatasi ya utani ya kuwarithisha wanaobaki, viwekeni humo, kuanzia saa 4:30, mgeni awe hajafika.

Kichekesho cha shule humchekesha anayeijua shule. Mgeni hajui kwamba kengele yenu ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, wala hajawahi kupanga foleni ya makande. Ukimpa utani wa ndani atatabasamu kwa adabu, na watu wote wataacha kucheka ili wautazame uso wake. Wazazi na walimu peke yao watacheka mpaka vitambaa vya kichwa vianguke. Mbele ya mgeni bakizeni igizo moja la dakika 7, lenye mambo ambayo yeyote aliyepita shule anayajua.

Tuzo zisizidi 8. Kila moja inakula dakika 2 ukihesabu mtu kutembea, kucheka na kurudi, kwa hiyo mna dakika 16 hadi 20. Zikifika 15, zile za mwisho zinapigiwa makofi ya huruma. Kura zipigwe kwa karatasi darasani, mkondo kwa mkondo, zihesabiwe na wawili mbele ya mwalimu wa darasa, la sivyo kamati nzima itajipa tuzo.

Kisha, siku tatu kabla, mshindi aonyeshwe maneno yatakayosomwa na zawadi atakayopewa. Akisita, tuzo inafutwa na asiulizwe kwa nini. Najua mtasema raha ya tuzo ni kushtukiza. Wanaoshtuka ni hadhira. Mshindi aliyejiandaa anapewa maiki sekunde 20 za kujibu, na mara nyingi jibu lake linachekesha kuliko tuzo yenyewe.

Mifano ya tuzo zinazofanya kazi popote: Tuzo ya Makande, kwa wa kwanza kwenye foleni na wa kwanza kuyalaumu, zawadi mwiko wa jikoni. Tuzo ya Ruhusa, kwa anayeumwa kila kipindi cha hesabu cha mchana na kupona kengele ya mpira ikilia, zawadi daftari la ruhusa lenye kurasa 2 tu. Tuzo ya Ringi, kwa mgonga kengele anayechelewesha ya kuingia na kuwahisha ya kutoka, zawadi kipande cha nondo chenye utepe. Walimu nao wapate moja au mbili: Tuzo ya Dakika Mbili, kwa ticha anayesema "nipeni dakika mbili nimalizie" huku kipindi kijacho kimefika nusu, zawadi saa ya boksi isiyo na mishale. Gharama ya zawadi zote iko chini ya bei ya keki ndogo.

Sasa yanayoharibu. "Sweta moja miaka minne" inasikika tamu kwenye kamati, lakini chini ya turubai amekaa mama aliyeshindwa kununua la pili. Chochote kinachogusa sare iliyochanika, michango, chakula cha nyumbani, umbo la mwili, ugonjwa au nani alimpenda nani, kiondoeni. Mapenzi hasa: baba yuko mstari wa tatu na hakuwa na habari. Utani wa makabila nao una mipaka yake. Mpare na Mchaga wanatukanana mpaka msibani na hakuna anayekwazika, kwa sababu wote wawili wanajua ni watani. Shule yenye watu wa kila pembe haina makubaliano hayo, na mwalimu aliyehamia juzi atasikia tusi tupu.

Wosia usomwe na mmoja mwenye sauti ya kuhani, taratibu, bila kucheka hata kidogo. Msomaji akicheka, umekwisha. Uanze hivi: "Sisi kidato cha nne, tukiwa na akili timamu isipokuwa kipindi cha mwisho Ijumaa, tunarithisha mali zetu kama ifuatavyo." Kidato cha tatu wapewe dawati la nyuma lenye mguu mmoja wa matofali. Cha pili wapewe nafasi ya mbele kwenye foleni ya maji, "kama mtaweza kuilinda". Njuka, yaani kidato cha kwanza, wapewe fagio na eneo la vyoo "tulilolilinda kwa jasho miaka minne". Nusu ukurasa inatosha. Kila kipengele kiambatane na kitu kinachokabidhiwa kweli pale pale: jembe, ndoo, kamusi, desa (muhtasari) za masomo, pasi ya mkaa. Hapo utani unageuka msaada, na mwalimu wa taaluma atawapenda.

Igizo. Kanuni ni moja: igiza anachofanya mwalimu, usiigize alivyo. Anayetafuta chaki mfukoni huku kaishika, anayefuta ubao kwa kiganja kisha anajifuta jasho, anayesema "tumeelewana?" baada ya kila sentensi na hangojei jibu: hao wote ni halali. Kitambi, kigugumizi, lafudhi, ndoa na mshahara wa mtu si halali. Kila mwalimu anayeigizwa aambiwe kabla, na igizo lote lionwe na mwalimu mlezi siku ya mazoezi ya mwisho, si karatasi tu, maana kinachokwaza huwa ni mwendo na mkono, hakiandikwi.

Na viboko msiviigize. Kanuni zinataka mkuu wa shule au aliyemkaimisha ndiye achape, visizidi 4, na viandikwe kwenye daftari. Igizo la viboko kumi na mbili mbele ya afisa elimu linageuka taarifa rasmi, na mkuu wenu ndiye atakayeijibu Jumatatu.

Kosa la kiufundi linaloua maigizo mengi ni mahali pa kusimama. Meza kuu inaitazama hadhira, na waigizaji wako katikati. Wakimgeukia mgeni, wazazi wanaona migongo. Wakiwageukia wazazi, mgeni anaona visogo. Chezeni ubavu: mwalimu wa igizo asimame upande mmoja wa uwanja, wanafunzi wake upande wa pili, watazamane wenyewe kwa wenyewe. Pande zote mbili zitaona nyuso. Maiki ziwe mbili, moja kila upande, ishikwe na asiyesema, kwa sababu anayeigiza kwa mikono hawezi kushika maiki. Watu wakicheka, nyamazeni. Subirini kicheko kishuke nusu ndipo mtoe mstari unaofuata. Wanaoanza huogopa ukimya, wakaendelea kusema, na mistari mitatu mizuri ikapotelea kwenye vicheko vya mstari mmoja.

Wahitimu kuongoza mstarini ni kitu kizuri kuliko mizaha ya kuficha kengele au kumwaga unga. Ijumaa moja kabla ya mahafali, mkuu akiridhia, viranja wanaomaliza wanachukua mstari wa asubuhi kwa dakika 15. Walimu wanapanga mstari, wanakaguliwa kucha na viatu, na kaka mkuu anatoa matangazo kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Anayechelewa anaokota karatasi tatu. Mwisho kaka mkuu anayemaliza anakabidhi madaraka kwa kaka mkuu mpya. Kengele isiguswe: ikipotea wiki ya majaribio hakuna atakayecheka.

Mashati yasisainiwe siku ya mahafali. Pepa zinaanza Novemba, na shati hilo hilo ndilo la kuvaa kwenye chumba cha mtihani. Shati lenye maandishi mgongoni halina utetezi mbele ya msimamizi: hata kama ni "nakupenda rafiki", itabidi ajiridhishe kwamba si kibomu, yaani majibu ya kuibia mtihani. Sainini baada ya pepa la mwisho, nje ya eneo la mtihani. Tumieni maka isiyofutika, si ya ubaoni, maana hiyo inaondoka na ufuaji wa kwanza, na kalamu ya kawaida inafifia. Wekeni kipande cha boksi ndani ya shati ili wino usipenye upande wa pili. Shati la tetroni linachelewa kukauka, hivyo lisikunjwe dakika 10 za kwanza. Likae siku nzima, kisha lipigwe pasi kwa ndani kabla ya kufuliwa mara ya kwanza. Kwa wanaotaka kumbukumbu siku ile ile ya mahafali, pitisheni daftari la otografu. Kila mtu aandike jina, jina la utani na neno moja aliloliogopa kwenye kitabu cha baiolojia.

Vyeti ndivyo vinavyomeza siku. Jina moja kuitwa, kupokea na kushikana mkono ni sekunde 20, kwa hiyo 84 ni kama nusu saa. Lakini shangazi akiinuka na taji la maua, mjomba na simu ya kupiga picha, inakuwa dakika nzima kwa kila mmoja, na saa moja u nusu imekwenda. Iteni kwa makundi ya watu 10, wapokee wote, ndipo ndugu wa kundi hilo waruhusiwe kuvika maua pembeni, kundi linalofuata likisogea. MC apewe orodha jana yake ayasome majina kwa sauti mbele ya mwanafunzi. Jina likikosewa mbele ya bibi aliyelitoa, hakuna kichekesho cha kulifidia.

Risala ukurasa mmoja na nusu, maneno kama 600, dakika 6. Changamoto 3, si 11. Mgeni akisikia uzio, maabara, walimu wa sayansi, tangi, madawati, mashine ya kurudufu na jiko kwa pumzi moja, ataahidi "kuyafanyia kazi" yote, yaani hakuna. Utani mmoja unaruhusiwa, mwanzoni. Huu hauchoki: "Ndugu mgeni rasmi, haya ni mahafali ya kumaliza kazi ambayo hatujaianza, na Jumatatu saa 1:30 wahitimu hawa watakuwa mstarini." Nakala ipewe mgeni ndani ya bahasha, asipopewa, majibu yake yatakuwa ya hotuba ya shule aliyotoka.

Chakula kwa ufupi. Wahitimu, wazazi wawili kila mmoja, walimu, wapishi na kidato cha tatu wanaohudumia, mtafika kama 400. Mchele kilo 1 kwa watu 6, yaani kilo 67, ongezeni hadi 70. Kreti ya soda ni chupa 24, kwa hiyo 17 ndiyo hesabu kamili. Chukueni 19 kwa makubaliano ya kurudisha zisizofunguliwa. Wanafunzi wapakuliwe kwanza. Ukianza na meza kuu, foleni ya vijana huvunjika na sahani hazirudi. Fedha zote zipite kwa mkuu na bodi ya shule, kamati yenu isishike hata shilingi. Elimu bila ada ipo tangu 2016 na michango ya holela inaletea shule matatizo. Asiyechangia aitwe jina lake kama wenzake.

Jenereta ya kVA 5 inatosha spika mbili na mixa. Hesabu lita 2 za petroli kwa saa, wekeni 10. Ijaribiwe Ijumaa jioni ikiwa na spika zimeunganishwa, si yenyewe tupu, na iwekwe nyuma ya darasa upande wa upepo unakoelekea, mita 30 hivi. Ikikaa karibu na turubai, wosia wote utasomwa kwa wahitimu viziwi.

Na disko liishe saa 12 jioni, wazazi wakiwa bado wapo.