Windows, Linux au Mac: niliyoyaona nyuma ya kaunta ya steshenari

Saa nne asubuhi binti mmoja wa chuo aliniwekea fleshi kaunta. Ripoti yake ya utafiti ilitakiwa kwa msimamizi saa sita, na ilikuwa bado haijaprintiwa. Nilipoichomeka kwenye kompyuta ya Windows, kila folda ilikuwa na kimshale kwenye kona na uzito wa kilobaiti moja au mbili. "Kaka, jana usiku zilikuwa sawa," akasema, sauti inatetemeka.

Nikaichomoa, nikaihamishia kwenye mashine ya pili, ile iliyo karibu na dirisha, inayotumia mfumo wa Linux badala ya Windows. Folda zake zikajitokeza zote, pamoja na takataka mbili tatu ambazo si zake. Nikanakili ripoti, nikafuta takataka, tukaprinti. Saa tano na nusu aliondoka akiamini mimi ni mganga.

Uganga haukuwepo. Kirusi cha aina ile hakifuti kitu. Kinazipa folda zako alama ya kufichwa, kisha kinaweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibofya, kinajiwasha chenyewe kwanza, halafu kinakufungulia folda yako kwa adabu zote ili usishtuke. Linux haina habari na alama ile ya kufichwa, na programu iliyoandikiwa Windows haijiwashi yenyewe humo. Basi.

Kwa sababu ya visa kama hivyo, hapa Morogoro wateja wangu wengi wamenishika kwa swali moja: "Fundi, kwa hiyo nipige Windows au hiyo Linux yako?" Zamani nilijibu haraka, Linux. Siku hizi najibu taratibu, maana nimeumwa pande zote.

Mwaka 2021 nilitaka programu ya kusanifu kadi za harusi. Leseni yake ilizidi faida yangu ya mwezi, nikatafuta ya kuchakachua. Maelekezo yake yalianza na sentensi ambayo leo ikinipita machoni nafunga ukurasa palepale: zima antivirusi kwanza. Nikazima. Hata chai sijamaliza, majina ya mafaili yangu yote yakawa yameongezewa herufi nne mwishoni, na kwenye folda nikakuta barua. Dola 980 ili nirudishiwe, au 490 nikiwahi ndani ya saa 72. Familia hiyo ya virusi inaitwa STOP, wengine huiita Djvu, na njia yake kubwa ya kusambaa ndiyo ile niliyoipitia: programu za wizi na vifungulio vyake. Sikulipa. Ipo zana ya bure inayofungua mafaili ya baadhi ya matoleo yake, ila kwangu iligoma, kwa sababu ufunguo uliotumika ulitengenezwa kwenye seva yao wenyewe. Kadi za miaka mitatu zikaenda. Daftari la wanaonidai na ninaowadai likaenda pia, na nyie mnajua ni upande gani wa daftari uliokumbukwa na wenyewe.

Sasa hapo Windows ilikosea nini? Ilikuja na antivirusi yake yenyewe, Defender, ikasimama mlangoni, mimi nikaiambia ipishe. Ningekuwa kwenye Linux, nikabandika amri nisiyoielewa kutoka kwenye video fulani na kuipa neno la siri la msimamizi, ningelia vilevile. Tofauti iliyopo ni ya mazoea: kwenye Linux programu karibu zote unazichukua kwenye ghala moja linalosimamiwa na wenye mfumo, bure, kwa hiyo hata hamu ya kwenda kuokota vitu vichochoroni haikujii. Hilo peke yake, kwa mtu wa kipato changu, ni ulinzi mkubwa kuliko antivirusi nyingi za kulipia.

Jambo jingine la mazoea ni akaunti. Kompyuta nyingi za Windows ninazoletewa zina akaunti moja tu, na hiyo moja ni ya msimamizi. Mtoto akicheza gemu anacheza kama msimamizi; mteja akifungua barua pepe ya ajabu anaifungua kama msimamizi. Tengeneza akaunti ya pili ya kawaida, fanya nayo kazi za kila siku, ile ya kwanza ibaki na neno la siri lake. Ni kazi ya dakika tano na hailipiwi. Nashangaa mafundi wenzangu hawaifanyi wakati wanapiga Windows upya.

Halafu kuna apdeti. Hapa ndipo nagombana na watu.

Ijumaa ya Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kilianza kutembea duniani. Hakikuhitaji mtu abofye kitu; kiliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia tundu la kwenye huduma ya Windows ya kushirikishana mafaili. Kilipiga mashine zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na Uingereza hospitali za umma zikaahirisha miadi na upasuaji. Nyingi ya mashine zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Na kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu hilo, Microsoft walishakitoa Machi 14, siku 59 kabla. Siku 59! Watu walikuwa na dawa mezani, hawakuinywa.

Naelewa kwa nini hatuinywi. Apdeti moja inakula bando la wiki nzima, na inachagua kuanza siku ya kutoa mitihani. Fundi naye, akishakupigia Windows ya kuchakachua, anazima apdeti kabisa ili leseni ya bandia isishtukiwe, na hakwambii. Unatembea miaka miwili ukidhani una kompyuta mpya. Usizime. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, iambie Windows kwamba intaneti yako ni ya kipimo ("metered"). Itapunguza sana kujipakulia yenyewe, kisha wewe mara moja au mbili kwa mwezi nunua bando la usiku uiruhusu ishushe kila kitu ukiwa umelala. Linux nayo inataka apdeti, tena mara nyingi, lakini angalau inakuuliza na haikuzimii mashine katikati ya kazi.

Wapenzi wa Linux wenzangu wakisikia WannaCry hucheka. Mimi nilikuwa nacheka nao hadi Machi 2024. Mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Wengine tungeenda zetu. Yeye akachimba, akakuta mlango wa nyuma umefichwa ndani ya xz, kizana kidogo cha kubana mafaili ambacho kimo karibu kila Linux. Aliyeuweka, anayejulikana kwa jina la Jia Tan tu, alikuwa amejitolea kwenye mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa na kukabidhiwa funguo. Matoleo yenye mlango huo yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kuingia kwenye mifumo ya majaribio; yangefika kwenye seva kubwa, sijui leo tungekuwa tunaongea nini. Na jambo ninalopenda kuwakumbusha wanaoitukana Microsoft kutwa: Freund ni mwajiriwa wa Microsoft.

Mac sina mengi ya kuisemea. Nilinunua MacBook moja ya mtumba kwa ajili ya usanifu, nzuri, imetulia, haijawahi kunikwamisha. Ila aliyekwambia Mac haiingii virusi hakukwambia habari ya Flashback, iliyoingia kwenye Mac zinazokaribia 600,000 mwaka 2012 kupitia tundu la Java, wala ya Novemba 2017, pale macOS High Sierra ilipobainika inamruhusu mtu kuwa msimamizi mkuu bila neno la siri lolote. Walilifunga haraka. Kosa langu lilikuwa la mnunuzi: nilitazama bei na kioo, sikutazama inapata viraka mpaka lini. Mashine ilikuwa ya 2012, na toleo la mwisho inalokubali rasmi ni Catalina, ambalo halihudumiwi tena. Sasa naitumia bila intaneti.

Hayo yote ni usalama. Uimara ni habari nyingine, na watu wanavichanganya. Julai 19, 2024, viwanja vya ndege, benki na hospitali duniani zilijikuta na vioo vya bluu, vile Windows inavyoonyesha ikianguka, kwenye kompyuta zipatazo milioni 8.5. Hakukuwa na mdukuzi. Kampuni ya CrowdStrike, inayouza ulinzi, ilisambaza faili bovu la apdeti ya programu yake, na kwa kuwa programu hiyo inafanya kazi ndani kabisa kwenye kiini cha mfumo, ilipoanguka ilianguka na nyumba nzima. Mashine nyingi zilibidi zifufuliwe kwa mkono, moja moja, kwa kuwashwa katika hali ya usalama ("safe mode") na kufutwa lile faili. Linux na Mac hazikuguswa kwa sababu faili lilikuwa la Windows tu. Somo nililochukua ni dogo: kadiri programu inavyoingia ndani, ndivyo usivyotaka kuwa nazo mbili. Mteja akiniletea laptopu yenye antivirusi tatu zinazogombania prosesa, naondoa zote nabakiza Defender.

Nimeshawahi pia kuusingizia mfumo. Miezi minne kompyuta yangu ya kaunta ilikuwa inapiga kioo cha bluu kila baada ya siku mbili tatu. Nikaitangazia Windows vita, nikapiga Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Wiki ya kwanza shwari. Wiki ya pili ikaganda, ya tatu ikaganda mara mbili. Ndipo nilipowasha memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye fleshi, nikaiacha ichunguze usiku kucha. Asubuhi kioo kilikuwa chekundu kwa makosa: kijiti kimoja cha RAM kilikuwa kibovu. Nilikitoa, nikarudisha Windows, na kile kioo cha bluu sikukiona tena. Kwa hiyo kabla hujahama mfumo kwa sababu "unaganda", pima RAM, pima diski, tazama kama feni imejaa vumbi.

Na umeme. Mgao ukianza, kila wiki napokea diski mbili zilizokufa na mwenyewe anauliza ni mfumo gani unavumilia zaidi. Mitindo ya kupanga mafaili kwenye diski, NTFS ya Windows na ext4 ya Linux, yote inaweka kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyafanya, hivyo umeme ukikatika mpangilio wa mafaili huwa unarekebishika; kitakachopotea ni ile kazi ambayo hukuwa umeihifadhi. Fleshi nyingi tunazotembea nazo ni za FAT32 au exFAT, ambazo hazina kinga hiyo. Ukitaka uimara, pesa yako ipeleke kwenye UPS, lile betri la akiba la kompyuta, au nunua laptopu yenye betri inayokaa, kisha uwe na nakala ya mafaili kwenye diski ambayo haikai imechomekwa. Kirusi kama kile kilichonipiga 2021 kinafunga na diski ya akiba kikiikuta imechomekwa.

Sasa kwa nini nimeandika haya leo. Oktoba 14, 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na laptopu za mtumba zilizojaa mitaani kwetu ni za prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7. Windows 11 rasmi inataka kizazi cha 8 kwenda mbele, pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama cha ndani ya mashine. Kuna nyongeza ya viraka ya mwaka mmoja mtu anaweza kujiandikisha, inaishia Oktoba 13, 2026. Baada ya hapo mashine itawaka kama kawaida, na hilo ndilo linalodanganya.

Mwezi uliopita waliniletea wawili siku moja. Mama mwenye duka la dawa ana programu ya mauzo inayokubali Windows pekee, na bila hiyo hafungui mlango. Huyo sikumshauri Linux hata kidogo. Nilimwandikisha kwenye nyongeza, nikamwambia atenge fedha ya mashine ya kizazi cha 8 yenye leseni halali. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ningemwambia hivyohivyo: LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia kwenye Linux, inafungua faili la Word vizuri, lakini ripoti ya kurasa 120 yenye majedwali na yaliyomo inaweza kuhama mistari, na msimamizi wako hatasikiliza habari za programu huria.

Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu. "Mwalimu, shikamoo, unaifanyia nini hii laptopu?" Marahaba, anaandika kumbukumbu za ukoo wao, anasoma magazeti mtandaoni, anaongea kwa video na watoto walio mbali. Kizazi cha 6, RAM ya gigabaiti 8. Nikampigia Linux Mint 22, inayohudumiwa hadi 2029, nikabadilisha diski ya zamani nikaweka SSD, diski yenye kasi zaidi, nikakuza maandishi. Kabla ya yote nilihakikisha printa yake inakubali, maana kuna printa ambazo kwenye Linux ni mateso matupu. Nimewahi kupoteza Jumapili nzima kwa moja.

Amenipigia simu mara moja tu, kuuliza saa imehamia wapi. Juzi akaja mwenyewe na fleshi, anataka kuprinti sura ya tatu. Nikaichomeka kwenye mashine ya dirishani: kirusi kile kile cha mishale. Kwenye laptopu yake hakikuweza kufanya lolote, wala hakukiona. Alikuwa anakibeba tu kutoka kwa mjukuu wake kuja kwangu. Nikamfutia, nikaprinti, nikamwomba kesho aje na laptopu ya mjukuu.